Saratani ya thairoidi ikishavuka tezi: namna ya kuiendea kwa kisu, hatua kwa hatua

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Bado niko kwenye mafunzo ya ubingwa, hospitali siitaji, tukampandisha thieta mama mmoja mwenye rovu la miaka 15, kwenye faili imeandikwa "goita ya kawaida". Sauti yake safi, anacheka, anatupigia stori za wajukuu, kwa hiyo hamna aliyejisumbua kumwangalia nyuzi za sauti. Tumefungua shingo, naweka kidole, tezi haichezi. Imeganda kwenye bomba la hewa kama simenti iliyokaukia kwenye karai. Neva ya sauti ya kushoto imezama humo humo, siti skani hatuna, hatujui huko chini kumeendaje, mtu wa usingizi ananiangalia mimi, mimi namwangalia bosi. Tukachukua kinyama cha kupima maabara, tukafunga, tukamwamsha. Wiki chache baadae akafunguliwa tena kwingine, safari hii kovu limekaa juu ya saratani, kazi mara tatu. Na walipompiga kamera kabla ya hiyo opasheni ya pili wakakuta uzi wa kushoto umelala, inaelekea ulilala zamani sana, wa kulia ulishajifunza kuvuka katikati kumfuata mwenzie ndo maana sauti ilikuwa safi.

Karibu yote nitakayoandika hapa yanatoka kwenye siku ile. Nawaandikia zaidi madaktari wadogo zangu mlioko hospitali za mkoa na za rufaa, ila hata ndugu wa mgonjwa akisoma ataelewa kinachoendelea na atajua aulize nini.

Kwanza tuelewane inavuka kwenda wapi

Thairoidi imekaa mbele ya bomba la hewa chini kidogo ya zoloto, pale kwenye pingili ya pili mpaka ya nne hivi. Mbele yake kuna misuli myembamba kama mikanda. Pembeni ateri ya karotidi na vena ya jagula. Nyuma yake, kwenye mfereji kati ya bomba la hewa na umio, inapanda neva ya sauti, milimita 2 tu unene, ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani ni uzi wa mshono ulioachwa. Saratani ikipasua ganda la tezi haina pa kwenda zaidi ya hapo.

Mayo Clinic ya Marekani walitoa ripoti mwaka 1994 ya wagonjwa 262 wa papilari (aina ya saratani ya thairoidi inayoonekana zaidi) iliyovuka tezi: misuli 53%, neva ya sauti 47%, bomba la hewa 37%, umio 21%, zoloto 12%. Jumla inapita mia kwasababu mtu mmoja anaweza kuwa na sehemu tatu zilizoguswa, na mara nyingi ndivyo ilivyo, ukikuta neva imeshikwa anza kuwaza na bomba la hewa.

Kwenye kupanga daraja tunatumia toleo la 8 la AJCC (kamati ya Marekani ya kupanga hatua za saratani) lililoanza 2018, T ikiwa ni uvimbe wenyewe umefika wapi. Ikigusa misuli ya mikanda tu ni T3b. Ikiingia kwenye zoloto, bomba la hewa, umio, neva ya sauti au mafuta ya chini ya ngozi ni T4a. Ikishika utando wa mbele ya uti wa mgongo, au ikizunguka karotidi au mishipa mikubwa ya kifuani, ni T4b. Ile ya kuonekana kwa maikroskopu tu haihesabiki tena. Umri nao una uzito, kijana wa chini ya miaka 55 mwenye papilari au ndugu yake folikula hata akiwa T4a ni stejini ya kwanza kama haijasambaa mbali, mzee wa 55 kwenda juu mwenye T4a hiyo hiyo ni ya tatu. Msije mkaichukua hiyo "ya kwanza" kama ruhusa ya kulegea, bomba la hewa likiziba haliulizi umri.

Hatua ya 1: muulize, mshike, msikilize akipumua

Shikamoo ikishapita mwache aongee dakika mbili bila kumkatiza, sauti yenyewe ni kipimo. Alafu uliza: sauti ilibadilika lini, ugali unapita wenyewe au anausukuma kwa maji, akinywa maji anapaliwa, amewahi kuona damu kwenye kohozi hata ya kuchora tu, usiku analala chali au lazima mito mitatu. Na uvimbe, umekua kwa miaka au kwa wiki? Hili la wiki msilipite. Rovu lililokaa kimya miaka 20, ghafla ndani ya wiki sita limekuwa mara mbili, gumu, linauma mpaka sikioni, hapo waza anaplastiki (aina ya thairoidi iliyo kali kuliko zote) au limfoma (saratani ya chembe za kinga). Njia zake ni mbili tofauti kabisa, limfoma haitibiwi kwa kukata shingo, inataka kinyama cha sindano nene kiende maabara haraka alafu dawa zianze.

Jambo la kwetu sasa. Wengi wa hawa washapita kwa mkata kimeo. Mtu kakohoa miezi minne, sauti imekauka, nyumbani wanasema kimeo kimerefuka, kinakatwa, kikohozi kiko palepale. Ukimwambia afungue mdomo ukakuta kimeo hakipo usimkejeli, muulize tu kilikatwa lini na alikuwa anaumwa nini, hiyo tarehe ndo itakwambia dalili zilianza lini kweli, maana ile ya kwenye rufaa mara nyingi sio.

Mpe glasi ya maji ameze huku umeshika shingo. Tezi inapanda na kushuka? Ngozi inateleza juu yake? Kama haipandi, andika kwa herufi kubwa.

Hatua ya 2: nyuzi za sauti, kila mtu, bila kubagua

Sitaki kusikia "sauti yake nzuri dokta". Kioo cha koo na taa ya kichwani vinatosha kama hamna kamera. Pasha kioo kwenye maji ya moto kisije kikafanya ukungu, jaribu kwanza nyuma ya mkono wako usimuunguze, shika ulimi kwa gozi, mwambie aseme "iiiii" alafu avute pumzi. Unatafuta kitu kimoja: nyuzi zote mbili zinakuja kati na kurudi? Kama mna kamera nyembamba ya kupita puani, bora zaidi. Andika kwenye faili, upande gani, umelala katikati au pembeni.

Zote zinatembea, neva zako zote zina kazi na kesho una wajibu wa kuzilinda. Mmoja umelala upande wa uvimbe, neva hiyo karibu hakika imeingiliwa. Lakini ule unaonitoa jasho ni huu wa tatu, umelala upande USIO na uvimbe, labda alishafanyiwa opasheni zamani, sasa neva pekee inayofanya kazi ndo ile iliyo ndani ya saratani. Ukiigusa vibaya huyo mgonjwa anatoka thieta na tundu shingoni. Hii lazima uijue siku saba kabla, sio saa saba mchana shingo iko wazi.

Hatua ya 3: picha na vinyama

Ultrasaundi kwanza, na sindano nyembamba kwenye uvimbe na kwenye matezi ya pembeni yanayotia shaka. Majibu yakija medula (aina nyingine ya saratani ya thairoidi), simama kidogo: pima kalsitonini na CEA, alama zake kwenye damu, na usimpeleke thieta kabla hujahakikisha hana uvimbe wa tezi ya juu ya figo unaomwaga adrenalini, maana huyo anaweza kufia kwenye meza presha ikiwa 260.

Kisha siti skani ya shingo na kifua yenye dawa ya mshipani. Hapa kuna hofu ya zamani kwamba dawa ile ina iodini itaharibu tiba ya iodini ya mionzi baadae. Inatoka mwilini ndani ya mwezi mmoja au miwili, na mgonjwa huyu hatapata iodini ya mionzi kabla ya hapo, kwa hiyo msimnyime picha nzuri kwa sababu hiyo. Angalizo langu ni moja tu, pima TSH (homoni inayoiamrisha tezi) kwanza, mwenye goita ya vinundu ambayo tayari inamwaga homoni kupita kiasi, dawa ile inaweza kuichochea.

Ukiwa na picha usisome ripoti peke yake, kaa na filamu. Uvimbe umeshika bomba la hewa nusu mzunguko au zaidi? Ukuta wa ndani umebonyea? Kuna nyama ndani ya njia? Ule mstari wa mafuta kati ya uvimbe na umio upo? Karotidi imezungukwa kiasi gani, maana ikifika digrii 270 za mzunguko kwa kawaida hapo hakuna cha kuchuna. Chini ya mfupa wa kifua kumeshuka mpaka wapi?

Akiwa amekohoa damu, au picha inatia shaka, ingiza kamera ndani ya bomba la hewa uone kwa macho. Na umio vilevile. Opasheni inapangwa kwa kilichoonekana NDANI kuliko nje. Kuna mgawanyo wa mwaka 1993 wa Shin na wenzake ambao mi nautumia kila mara: daraja la kwanza uvimbe umelala juu ya gegedu tu, la pili umeingia kwenye gegedu au katikati ya pingili, la tatu umepita gegedu umefika chini ya utando wa ndani, la nne umetokeza ndani, unauona kama kinundu au kidonda. Yashikeni haya manne, tutayarudia.

Hatua ya 4: kikao kabla ya kisu

Mezani wawepo bingwa wa koo au upasuaji wa shingo, mtu wa usingizi, wa saratani, na kama bomba la hewa litakatwa basi wa kifua. Kama hospitali yako haina hawa, jibu sahihi ni rufaa. Najua rufaa ina nauli, ina kulala kwa ndugu Dar, ina mambo mengi, lakini nafasi nzuri ya kutoa saratani hii yote ni opasheni ya kwanza. Ya pili unaikuta shingo imegandana.

Swali la kikao ni moja, tunaweza kutoa kila kinachoonekana kwa macho na mgonjwa akabaki na maisha anayoyataka? Papilari na folikula hata zikivuka bado zina tiba baada ya kisu, kwa hiyo tunaruhusiwa kuacha chembe zisizoonekana kwenye neva au gegedu ili kuokoa sauti. Kuacha donge linaloonekana ni habari nyingine, hilo litarudi. Anaplastiki ni mchezo mwingine, mara nyingi kisu hakisaidii, lipimwe badiliko la kinasaba linaloitwa BRAF V600E haraka kwasababu dawa za dabrafenib na trametinib zikitumika pamoja zilipitishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili yake, na wengine uvimbe unanywea mpaka unakatika. Msikimbilie kumtoboa koo kila mwenye anaplastiki, tundu linalopita kwenye saratani haliponi vizuri na halimpi siku nyingi, litobolewe pale hewa inapogoma kweli.

Mgonjwa na familia waambiwe kwa Kiswahili cha nyumbani. Mama, sauti inaweza kubadilika. Inawezekana ukaamka na tundu shingoni la kupumulia, la muda au la kudumu. Dawa ya tezi utameza maisha yote, ya kalsiamu huenda. Wiki moja au mbili unaweza kula kwa mpira wa puani. Usimpe asaini fomu ya "upasuaji wa goita", andika kila kiungo ambacho huenda kikaguswa. Na mtoto mkubwa anayetaka mama asiambiwe neno saratani, zungumza nae pembeni kwa heshima, lakini mwenye shingo ni mama.

Hatua ya 5: hewa kwanza

Kaa na mtu wa usingizi mbele ya filamu, mwonyeshe sehemu nyembamba ni milimita ngapi. Kama bomba limebanwa sana, mrija upitishwe mgonjwa akiwa macho, koo limetiwa ganzi, kwa kamera. Puto la mrija lipite chini ya uvimbe. Mirija midogo iwe imefunguliwa mezani, bronkoskopu ngumu iwe ndani ya chumba, isiwe stoo yenye ufunguo wa mtu aliyeenda chai. Kama mna mashine ya kusikiliza neva, dawa ya kulegeza misuli iwe ya muda mfupi, vinginevyo neva haitajibu na utadhani umeikata.

Hatua ya 6: kwenye meza

Mto chini ya mabega, shingo nyuma, mkato kwenye mkunjo wa ngozi, mrefu wa kutosha. Misuli ya mikanda iliyogandamana na uvimbe usiibandue, ikate iende na uvimbe, haitamsumbua mgonjwa. Tezi yote inatoka, na matezi ya katikati ya shingo. Ya pembeni yanatoka kama sindano ilishathibitisha.

Neva. Hapa tutulie. Usiitafute ndani ya uvimbe, itafute palipo pasafi, chini kabisa kwenye mfereji inapotokea kifuani, kulia inapita kwa mshazari kwasababu inazunguka ateri ya chini ya mtulinga, kushoto iko wima zaidi imetoka kwenye upinde wa aota. Au anzia juu inapoingia kwenye zoloto. Ukiishika sehemu mbili hizo, ifuate kuelekea kwenye ugomvi. Kulia kuna wachache sana ambao neva hairudi kutoka kifuani kabisa, inatoka moja kwa moja pembeni, kwa hiyo usikate "kamshipa" kowote kanakopita kwa upana kabla hujajua ni nini.

Umeifikia. Uzi ulikuwa unatembea kabla ya opasheni? Basi chuna, kwa mkasi mdogo na miwani ya kukuzia, uvimbe utoke neva ibaki hata kama imebaki nyembamba, na kama kuna chembe imebaki iodini itahangaika nayo. Uzi ulikuwa umelala na neva imezungukwa kote? Kata, iende. Kuing'ang'ania neva iliyokufa ni kuacha saratani bure. Uzi ulikuwa unatembea lakini neva imezama kabisa haichuniki, hapo amua ukiwa umeshaangalia upande wa pili uko salama, na kama ndo neva pekee aliyonayo, fanya kila unaloweza kuibakisha.

Ukikata, unganisha palepale. Ncha zikikutana bila kuvutana zishone kwa uzi mwembamba sana, wa 8-0 au 9-0. Zisipokutana, chukua neva ya jirani inayolisha misuli ya mikanda, ile inayoitwa ansa, uiunganishe na kipande cha neva kilichobaki upande wa zoloto. Miyauchi na wenzake wa Kuma Hospital, Kobe, Japani wameifanya sana hii. Uzi hautatembea tena, msimdanganye mgonjwa, lakini msuli wake hautasinyaa na baada ya miezi kadhaa sauti inanenepa, anaweza kuita mtu upande wa pili wa barabara.

Bomba la hewa. Rudi kwenye yale madaraja manne. La kwanza, chuna. Kisu kilale sambamba na gegedu, unanyoa uvimbe kama unavyoparua gamba la muhogo bila kuingia kwenye muhogo wenyewe, mpaka uone gegedu jeupe linalong'aa. Ukiona limekwaruzika, rangi imekufa au linabonyea, hilo sio la kwanza tena, usijidanganye. La pili wengine wanachuna, wengine wanakata, mi nakata kama gegedu lenyewe limelika. La tatu na la nne hakuna kuchuna.

Kama palipoingiliwa ni padogo, hapazidi theluthi moja ya mzunguko, unaweza kukata dirisha na kuziba kwa kipande cha msuli wa pembeni wa shingo ukiwa na mshipa wake wa damu, au ukaacha tundu la kupumulia ukaja kulifunga baadae. Pakubwa zaidi ya hapo kata pete nzima uunganishe ncha kwa ncha. Bomba la mtu mzima lina sentimita 11 hivi, sentimita 4 zinaondoka bila fujo kubwa, ukikaribia nusu ya bomba umefika mwisho wa kamba. Wakati njia iko wazi mtu wa usingizi anavuta mrija wake juu kidogo, wewe unaingiza mrija mwingine safi moja kwa moja kwenye bomba la chini kupitia kidondani, mnampa mgonjwa hewa kwa zamu, unatoa, unashona nyuzi mbili, unarudisha. Mwenye hajawahi kuona anaweza kuchanganyikiwa, ndo maana mnaongea mapema nani anasema "toa" na nani anasema "weka".

Damu ya bomba inaingia kutoka pembeni, kwa hiyo usilivue nguo pembeni zaidi ya sentimita moja au mbili, mbele tu ndo pa kuchimba kwa uhuru. Nyuzi zinazoyeyuka, 3-0 au 4-0, mafundo yote nje. Ukiona zinavutana kunja shingo mbele, na kama bado achia misuli ya juu ya mfupa wa ulimi. Mwisho shona uzi mmoja mnene kutoka chini ya kidevu hadi ngozi ya kifua, ule wa Grillo wa Massachusetts General, ukae siku 7, mgonjwa asije akainua kichwa kumwangalia mgeni akachana kazi yote. Waambieni wageni waje upande wa miguuni.

Umio. Huu una heri kidogo, mara nyingi kilichoingiliwa ni msuli wa nje tu na utando wa ndani mzima. Pitisha mpira mnene umioni uuhisi kwa kidole, alafu chuna msuli ubaki utando. Ukitoboka padogo shona matabaka mawili. Kipande kikubwa kikitoka ndo mnahitaji nyama ya kigasha (mkono chini ya kiwiko) au ya utumbo mwembamba iunganishwe mishipa kwa maikroskopu, na hiyo inapangwa kabla, haianzi kuwazwa saa nane mchana.

Zoloto nayo ni vilevile, nje tu chuna, nusu ikiingiliwa kata nusu, ikijaa ndani inatoka yote na mgonjwa anabaki na tundu la kudumu. Mishipa: jagula moja ikishikwa ifunge uikate, mbili kwa siku moja hapana, uso utavimba na ubongo utalalamika. Karotidi inachunwa kwenye ganda lake la nje.

Na vile vitezi vya kalsiamu vinne, vya rangi ya haradali, ukubwa wa punje ya dengu. Kikitoka bahati mbaya na hakina saratani, kikatekate vipande vya milimita moja ukipande kwenye msuli wa pembeni wa shingo.

Kabla ya kufunga jaza kidonda maji ya chumvi, mtu wa usingizi asukume hewa. Povu likitokeza kuna tundu. Msukumo huo huo utafumua mishipa inayojifanya imekauka. Weka mrija wa kutolea damu, lakini usiuamini, damu ikiganda mrija unakaa mkavu huku shingo inajaa.

Hatua ya 7: usiku wa kwanza

Damu kuvilia shingoni inaua kwa dakika, na nyingi inatokea ndani ya saa 24 za kwanza, hasa zile 6 za mwanzo. Nesi wa zamu awe na trei kando ya kitanda: mkasi, kibano, gozi, kisu. Shingo ikivimba, mgonjwa ahangaike, apumue kwa kelele, hamna kusubiri daktari ashuke ghorofa tatu. Fungua bandeji, kata nyuzi za ngozi, fungua ngozi, fungua na misuli mpaka bomba la hewa, toa bonge la damu, weka gozi. Hapo hapo kitandani. Thieta ni baadae. Wafundisheni manesi hili kabla ya opasheni na waambieni wazi hawatalaumiwa kwa kufungua shingo ambayo ingeweza kusubiri.

Kalsiamu ipimwe asubuhi na jioni siku mbili tatu. Mgonjwa akisema midomo inawasha kama kala pilipili, vidole vinakufa ganzi, mkono unakakamaa ukimfunga kipimo cha presha, usingoje maabara. Kalsiamu glukoneti ya 10%, mililita 10 taratibu kwa dakika 10 huku mnaangalia moyo, alafu vidonge na vitamini D iliyo tayari kutumika.

Kama bomba la hewa liliunganishwa, sikiliza ngozi ya shingo kwa vidole. Ikilia kama unakanyaga makapi ya mpunga, hewa inavuja. Umio ulioshonwa upumzike wiki moja na mpira wa puani, kisha picha ya kumeza dawa kabla ya uji.

Hatua ya 8: kisu kimeisha, kazi haijaisha

Majibu ya maabara yakirudi mnakaa tena. Papilari na folikula zilizovuka hivi kwa kawaida zinafuatiwa na iodini ya mionzi, kwa Tanzania mfano ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kabla yake TSH inapandishwa ivuke 30, kwa kusimamisha dawa ya tezi wiki 3 hadi 4, au kwa sindano pale inapopatikana. Wiki moja au mbili mgonjwa hali chumvi yenye madini joto wala chochote cha baharini, na kwa mtu wa pwani hii ni adhabu, samaki hapana, dagaa hapana, pweza hapana. Nazi ruksa. Mwanamke apimwe mimba, kunyonyesha kuwe kumeshasimama, na mimba isubiri miezi 6 mpaka 12.

Mionzi ya nje nawaombea zaidi wazee waliobaki na saratani inayoonekana na isiyokubali iodini. Dawa za vidonge kama sorafenib na lenvatinib zipo kwa iliyogoma iodini, bei yake mnaijua, na kuweni waangalifu kwa mwenye saratani bado kwenye bomba la hewa au umio, uvimbe ukinywea haraka unaweza kuacha tundu.

Kliniki: thairoglobulini (protini inayotengenezwa na thairoidi) pamoja na kingamwili zake, ultrasaundi ya shingo kila miezi 6 hadi 12, na nyuzi za sauti tena, hata kama anaongea vizuri. TSH ishushwe chini ya 0.1 kwa hawa wa hatari kubwa, ukimwangalia moyo na mifupa kama umri umeenda. Ikigoma kushuka usikimbilie kuongeza dozi. Muulize anamezaje. Juzi nilikuwa na mzee, TSH inapanda kila kliniki, dozi imeongezwa mara tatu, kumbe anameza thairoksini na kalsiamu kwa mkupuo mmoja na chai ya maziwa, amefunga vyote kwenye kipande cha gazeti asisahau. Tukavitenganisha: thairoksini alfajiri akitoka kuswali, maji matupu, chai baada ya saa nzima, kalsiamu mchana na chakula. Alivyorudi dozi tukampunguza.